Vidonge vya bakteria wazuri vitaniondolea uvimbe na maumivu ya mbio ndefu?

*"Shikamoo daktari. Mimi ni dada wa miaka 27, nakimbia kilomita 90 hadi 100 kwa wiki hapa Arusha. Najiandaa na Kilimanjaro Marathon na zimebaki wiki tisa. Kila Jumapili nikipita kilomita 25 tumbo linavuruga na kusokota, na mara mbili nimelazimika kukimbilia vichakani. Halafu miguu inauma mpaka Jumatano. Jumatatu iliyopita nilipima damu, CRP ikawa 14, mhudumu akaniambia nina inflamesheni mwilini. Rafiki yangu anauza vidonge vya probiotiki vyenye bakteria bilioni 50 wa aina 12, elfu 85 kwa chupa ya vidonge 30. Anasema vinaondoa inflamesheni yote, vinaziba utumbo unaovuja na vinaongeza kasi. Kwa sasa kabla ya mbio ndefu nakunywa chai ya maziwa tu na diklofenaki moja ili miguu isinisumbue. Je, ninunue? Au mtindi unatosha? Na naweza kunywa mtindi asubuhi ya mashindano?"*

Marahaba, binti yangu. Umeniletea mambo matatu kwenye fungu moja: tumbo linalovuruga, miguu inayouma siku tatu, na karatasi ya maabara iliyokutia hofu. Rafiki yako anakuuzia jibu moja la yote matatu. Mimi nitayafungua moja moja, kwa kuwa kila moja lina chanzo chake. Nikuambie mapema kabisa kwamba kilichonishtua zaidi kwenye ujumbe wako ni kile kidonge ambacho tayari unakimeza kila Jumapili asubuhi. Hicho unachotaka kununua kinaweza kusubiri.

Tuanze na karatasi. CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale linapopata taarifa kwamba mahali fulani mwilini pameumia au pameingiwa na vijidudu. Haisemi ni wapi wala ni kwa nini. Wewe ulikimbia Jumapili ukapima Jumatatu, siku ambayo mkimbiaji yeyote wa mbio ndefu hutarajiwa kuwa na CRP ya juu. Watu wenye afya kamili waliomaliza marathoni hukutwa na 10, 20 na hata zaidi siku inayofuata, kisha inashuka yenyewe baada ya siku chache. Hiyo 14 yako inanithibitishia tu kwamba Jumapili ulifanya kazi. Ukitaka kipimo chenye maana, kaa siku nne au tano bila mbio ngumu, usiwe na mafua wala jino linalouma, ndipo urudi maabara. Ikiwa chini ya 5, sahau habari hiyo. Ikibaki juu wakati umepumzika, hapo kuna kitu cha kutafuta, na kukitafuta ni kazi ya daktari aliye mbele yako.

Siku hizi imeenea dhana kwamba inflamesheni, yaani mwitikio wa kinga ya mwili mahali palipoumia au palipoingiwa na vijidudu, ni uchafu unaotakiwa kufagiliwa nje ya mwili. Kwa mtu mwenye kisukari au ugonjwa wa viungo, inflamesheni isiyokwisha ni tatizo kweli. Ile inayokuja baada ya mazoezi ni nyingine. Fikiria njia ya Kilimanjaro Marathon: nusu ya pili unapanda kuelekea Mweka, kisha unashuka kurudi Moshi. Wakati wa kushuka, msuli wa paja unafanya kazi ya breki. Unavutwa urefuke huku umekaza, na nyuzi zake ndogo ndogo zinachanika. Ndani ya saa chache chembe nyeupe za damu zinaingia hapo, za kwanza zikisafisha mabaki, zinazofuata zikiamsha seli za akiba zianze kujenga upya. Ni kama fundi anayebandua plasta iliyolegea kabla ya kupiga mpya: ukimfukuza siku ya kwanza kwa sababu anatia vumbi, ukuta hautatengenezwa. Maumivu ya kazi hiyo hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo Jumatano ukishuka ngazi kwa kushika ukuta, saa ya mwili wako iko sawasawa.

Msuli wenyewe pia unatuma ujumbe. Watafiti wa Copenhagen wakiongozwa na Bente Klarlund Pedersen walionyesha kwamba msuli unaofanya kazi humwaga kwenye damu kemikali inayoitwa interlukini-6, na kwenye mbio ndefu kiwango chake kinaweza kupanda hadi mara 100. Kwa mgonjwa aliyelazwa, kiwango kama hicho kingewafanya wauguzi wakimbie. Kwa mkimbiaji kinafuatwa na kemikali nyingine zinazotuliza, na katika safari hiyo interlukini-6 inasaidia ini litoe sukari kwa ajili ya misuli. Ndiyo pia inayoliagiza ini litengeneze CRP. Sasa sikiliza kinachokuhusu: msuli ulioishiwa wanga hutoa interlukini-6 nyingi zaidi kuliko ulioshiba. Wewe unatoka nyumbani na kikombe cha chai. Ukifika kilomita ya 25 unakimbia na ghala linaloelekea kuwa tupu, na sehemu ya ile 14 inaweza kuwa imetoka hapo hapo.

Kwa hiyo swali la "nitaondoaje inflamesheni yote" mimi nalikataa. Hutaki kuiondoa yote. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwapa vijana waliokuwa wakifanya mazoezi dozi kubwa za vitamini C na E kwa wiki nne, na sehemu ya faida ambayo mazoezi yalipaswa kuleta kwenye matumizi ya sukari mwilini ikapotea. Kitu cha kupunguza ni ile inflamesheni ya ziada, isiyojenga chochote. Kwa mkimbiaji wa mbio ndefu, sehemu yake kubwa huingilia tumboni.

Ukikimbia kwa nguvu, damu inahamishiwa kwenye misuli na kwenye ngozi ili upoe. Inayopungukiwa ni matumbo: mtiririko wa damu kwenda huko unaweza kushuka hadi asilimia 80. Seli zinazofunika ukuta wa utumbo hazipendi kukosa hewa. Ongeza mtikisiko wa kila hatua, ongeza joto la mwili linalopita nyuzi 39, na zile kamba za protini zinazofunga seli moja na jirani yake zinalegea. Vipande vya kuta za bakteria vinavyotakiwa kubaki ndani ya utumbo vinapenya na kuingia kwenye damu, chembe za kinga zinavikuta, na moto mwingine unawaka juu ya ule wa misuli. Wakati huo huo chakula hakisagwi vizuri, maji hayafyonzwi, na wewe unatafuta kichaka.

Rafiki yako kwa hiyo hakudanganya kabisa aliposema utumbo unavuja. Alipokosea ni kuufanya ugonjwa wa kudumu unaohitaji kizibo. Kwa mtu mzima wa afya hali hiyo huja na mbio na kuondoka saa chache baada ya mbio. Itakuwa mbaya zaidi siku yenyewe, usiposhika tahadhari: Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake zina ubaridi, Moshi iko chini sana ya hapo, na jua la Februari kule unalijua.

Sasa ile diklofenaki. Dawa za kundi hilo, ibuprofeni ikiwemo, zinazuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Prostaglandini zinaleta maumivu, ni kweli. Lakini ndizo hizo hizo zinazolinda utando wa tumbo, na ndizo zinazoiacha mishipa ya figo wazi pale maji ya mwili yanapopungua. Yaani unakwenda kuunyima utumbo damu kwa saa tatu, na kabla ya kutoka unaondoa pia kinga yake. Huko Uholanzi mwaka 2012 waendesha baiskeli walipewa ibuprofeni kabla ya mazoezi, na utumbo mwembamba ulionyesha kuumia zaidi kuliko walipofanya mazoezi yale yale bila dawa. Kabla ya hapo, mtafiti wa Marekani David Nieman alikuwa amewapima wakimbiaji wa Western States, mbio za kilomita 160 kwenye milima ya California. Waliomeza ibuprofeni walimaliza na sumu nyingi zaidi za bakteria kwenye damu na viashiria vya juu zaidi vya inflamesheni kuliko wasiomeza. Na maumivu ya misuli? Hayakutofautiana.

Rudia hapo tena, maana watu wengi hawaamini wakisikia. Walimeza dawa ya kuzuia inflamesheni wakapata inflamesheni zaidi, na miguu ikauma vile vile.

Figo nazo zina la kusema. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017 kwenye mbio za kilomita 80, waliopewa ibuprofeni walikuwa na dalili za figo kuumia kwa asilimia 52, na waliopewa kidonge kisicho na dawa asilimia 34. Wakimbiaji hawakuwa wengi, kwa hiyo sitaziapia namba hizo, ila mwelekeo wake unanitosha kusema hivi: acha diklofenaki kabla na wakati wa mbio, kuanzia Jumapili hii. Najua inauzwa kila duka la dawa bila kuulizwa chochote, na najua kambini watu wanagawiana kama pipi. Kama kuna maumivu ambayo bila dawa huwezi kukimbia nayo, basi usikimbie nayo. Msuli unaouma pande zote mbili na kulegea ukishapasha mwili ni kazi ya kawaida. Sehemu moja ya mfupa unayoweza kuionyesha kwa kidole, inayouma hata usiku umelala, inaweza kuwa ufa wa mfupa, na dawa itakufanya uuvunje kabisa.

Sasa tufike kwenye probiotiki.

Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO walikubaliana kwamba probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya kiafya. Masharti ni matatu hapo: wawe hai, wawe wa kutosha, na faida iwe imeonekana. Faida hiyo ni ya aina mahsusi ya bakteria. Jina kama Lactobacillus rhamnosus halitoshi. Zile herufi na namba zinazofuata nyuma yake ndizo zinazoonyesha ni yupi aliyejaribiwa. Ndugu wawili wa spishi moja wanaweza kufanya kazi tofauti kabisa. Wakiingia, baadhi yao hutengeneza asidi zinazowabana vijidudu wabaya, wengine huzungumza na chembe za kinga zilizojaa chini ya ukuta wa utumbo, na wengine huonekana kuzikaza zile kamba za protini nilizozitaja. Lakini kwa watu wengi hawaweki makazi. Ni wapita njia: ukiacha kumeza, baada ya wiki chache huwakuti tena.

Kwa wanariadha, ushahidi ulio bora hauko kwenye inflamesheni. Uko kwenye mafua. Wakimbiaji 20 wa kiume wa kiwango cha juu huko Australia, katika utafiti uliotoka mwaka 2010, walitumia bakteria wa aina moja kwa kipindi na kidonge kitupu kwa kipindi kingine wakati wa mazoezi ya majira ya baridi. Kwa pamoja walikuwa na siku 30 za dalili za njia ya hewa walipokuwa kwenye bakteria, na siku 72 walipokuwa kwenye kidonge kitupu. Majaribio mengine yameona faida ndogo zaidi, na mengine hayakuona kitu. Huko Finland wakimbiaji 141 wa marathoni walitumia bakteria wa aina nyingine kwa miezi mitatu na mafua hayakupungua, ila baada ya mashindano matatizo yao ya tumbo yalidumu siku moja wakati ya wenzao yalikuwa siku mbili na ziada.

Kwa tumbo lenyewe wakati wa mbio, utafiti unaofanana zaidi na hali yako ulifanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019. Wakimbiaji 24 walitumia mchanganyiko wa aina kadhaa kwa siku 28, kisha wakakimbia marathoni. Waliokuwa kwenye probiotiki walisumbuliwa na tumbo kidogo zaidi, hasa theluthi ya mwisho. Muda wa kumaliza haukutofautiana. Nalikazia hilo la muda kwa sababu rafiki yako ameahidi kasi.

Na inflamesheni? Huko Graz, Austria, wanaume 23 walitumia probiotiki kwa wiki 14, na kiashiria kimoja cha ulegevu wa ukuta wa utumbo kikashuka; kwenye inflamesheni yenyewe mabadiliko yalikuwa hafifu. Jaribio jingine la wanaume 15 liliona interlukini-6 kupungua baada ya mazoezi magumu ya mikono. Watu 15! Huwezi kujenga biashara ya elfu 85 kwa mwezi juu ya mikono ya watu 15, ingawa wapo wanaojenga. Tazama pia ni nani waliopimwa: wanaume, wanaume, wanaume. Utafiti mmoja wa waendesha baiskeli wa Australia uliowachanganya wote uliona faida kwa wanaume, kwa wanawake haikuonekana. Simaanishi kwamba kwako havitafanya kazi. Namaanisha kwamba anayekuhakikishia anakuhakikishia kitu ambacho hana.

Huenda umekutana pia na habari za "bakteria wa mabingwa". Zilitoka kwa wakimbiaji wa Boston Marathon ya mwaka 2015, ambao baada ya mbio walikutwa na Veillonella wengi zaidi tumboni, bakteria wanaokula laktiki, ile asidi inayotolewa na misuli inayofanya kazi ngumu. Walipopandikizwa kwa panya, panya wakakimbia muda mrefu zaidi kwa asilimia 13. Ni habari tamu. Ni ya panya.

Bilioni 50 za aina 12 zisikutishe wala zisikuvutie. Wale wakimbiaji 20 wa Australia walitumia kama bilioni 12 za aina moja, na wale wa Uingereza kama bilioni 25. Wingi wa aina kwenye lebo mara nyingi ni mapambo, kwa sababu mchanganyiko ule kama ulivyo haujajaribiwa na mtu. Ningemuuliza rafiki yako maswali machache kabla ya kutoa hela. Lebo inataja herufi na namba za kila aina? Hizo bilioni zimehesabiwa siku ya kutengenezwa au zinahakikishwa mpaka siku ya kuisha muda? Na chupa zimekaa wapi tangu zishuke kwenye ndege? Bakteria wengi wa kundi la Lactobacillus hufa taratibu kwenye joto, na chupa iliyolala wiki tatu kwenye buti la gari au stoo ya bati inaweza kuwa makaburi. Wa kundi la Bacillus hujifunga kwenye ganda na kuvumilia zaidi.

Kama unashindana mahali ambapo unaweza kupimwa, kuna jambo zito kuliko hela. Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, zinasema chochote kitakachokutwa mwilini mwako ni jukumu lako, hata kama kiliingia kwa uchafu wa kiwandani. Bakteria wenyewe hawajapigwa marufuku. Lakini virutubisho vya dukani vimewahi kukutwa na vichangamshi na homoni visivyoandikwa kwenye lebo, hasa vile vinavyoahidi nguvu na kasi. Tafuta chenye alama ya kupimwa kwa kila toleo, kama Informed Sport. Kikikosa alama hiyo na muuzaji anazungumzia kasi, mimi ningepita.

Mtindi, basi. Mtindi uliogandishwa nyumbani kutoka maziwa yaliyochemshwa una bakteria hai wengi, lakini hakuna aliyewahesabu wala kuwapa majina, kwa hiyo siwezi kukuambia unafanya kazi ya kile kidonge cha Uingereza. Ninachoweza kusema ni kwamba nusu lita ina protini kama gramu 16, ina maji, chumvichumvi na kalsiamu, na ukinywa baada ya mbio pamoja na kiporo cha wali au viazi umeipa misuli ile malighafi inayongoja. Bei unaijua. Kati ya kutumia elfu 85 kwa kidonge na kutumia hela hiyo kwa mtindi, mayai na ndizi kwa mwezi mzima, kwa mwili wa mkimbiaji sina shaka yoyote nichague nini.

Togwa nayo nzuri, maana inapikwa kwanza ndipo inachachishwa kwa kimea, hivyo bakteria wanabaki hai, na ina wanga mwepesi. Watoto wa Kitanzania wenye kuharisha waliolishwa uji uliochachishwa katika utafiti wa miaka ya 1990 walionekana ukuta wa utumbo ukirudi katika hali yake mapema zaidi; ni watoto wagonjwa, si wakimbiaji, lakini nimefurahi kukutajia kitu kilichopimwa hapa kwetu. Uji wa unga uliochachishwa kisha ukapikwa ni chakula safi, ila bakteria wake wameshakufa jikoni. Maziwa yaliyogandishwa mabichi, bila kuchemshwa, usiyaguse, hata kama bibi yako aliyanywa miaka 80: kuchacha peke yake hakuhakikishi kuua vijidudu vya brusela, na homa hiyo ikikupata, msimu umekwisha.

Ningefanya hivi kama ningekuwa kocha wako. Jumapili mbili za kwanza hununui kitu. Unaacha diklofenaki. Jumamosi usiku unaacha makande na maharage, maana yanafika utumbo mpana asubuhi wakati ule ule unaotaka kukimbia. Kula wali, ugali au viazi na kitoweo kidogo. Unaamka mapema, unakula mkate mweupe na ndizi saa mbili au tatu kabla, na chai unaifanya ya rangi. Watu wazima wengi wa ukanda huu, hasa tusiotoka jamii za wafugaji, hatusagi vizuri sukari ya maziwa, na kile kikombe chako huenda kina mchango mkubwa kwenye vichaka kuliko unavyodhani. Njiani unakunywa wanga: vijiko vitatu vya chakula vya glukosi kwenye nusu lita ya maji na chumvi kidogo vinakupa kama gramu 30, ambazo zinakutosha kwa saa moja ukianza. Baadaye unaweza kupanda kuelekea gramu 60. Mwanzoni tumbo litalalamika, halafu litazoea. Wiki mbili za mazoea zinatosha kuona tofauti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash wameonyesha kwamba kupata glukosi kidogo kidogo wakati wa kukimbia kwenye joto kunapunguza kuumia kwa ukuta wa utumbo. Hilo linafanya ile kazi uliyotaka kidonge kifanye, kwa bei ya pakiti ya glukosi.

Kwa miguu, mwombe kocha akuongezee miteremko taratibu, mara moja kwa wiki, mifupi kwanza. Msuli ulioumizwa kidogo na mteremko hujikinga kwa wiki kadhaa dhidi ya mteremko unaofuata. Mkimbiaji anayefanya mazoezi kwenye tambarare tu ndiye anayetembea kinyumenyume kwenye ngazi baada ya Mweka.

Baada ya Jumapili hizo mbili tumbo likitulia, umeokoa hela. Lisipotulia na ukawa na uwezo, jaribu probiotiki yenye jina kamili kwa wiki nne, kila siku, pamoja na chakula. Siku za kwanza kunaweza kuwa na gesi. Andika kwenye daftari tumbo lilivyokuwa kila mbio ndefu, na usibadilishe kitu kingine wakati huo, la sivyo hutajua kipi kilisaidia. Ukiona tofauti endelea hadi siku ya mashindano. Usipoiona, acha bila kujilaumu. Kamwe usianze wiki ya mashindano. Kwa mtu mwenye afya vidonge hivi kwa kawaida ni salama; mwenye kinga iliyoshuka sana, au aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa, asivitumie bila kuongea na daktari wake.

Yapo ambayo sitaki uyasubirishe kwa ajili ya jibu langu wala la mtu yeyote wa mtandaoni. Mkojo wa rangi ya kola baada ya mbio, pamoja na misuli iliyovimba au kulegea: nenda hospitali siku hiyo hiyo, figo zinaweza kuwa hatarini. Damu kwenye kinyesi, au kinyesi cheusi kama lami wakati hutumii vidonge vya madini ya chuma: nenda, na taja diklofenaki bila kuona aibu. Kuharisha hata siku usizokimbia, kupungua uzito bila kutaka, homa za jioni, au kiungo kinachovimba na kukaza zaidi ya saa moja kila asubuhi, nayo yanataka uchunguzwe ana kwa ana. Na swali ambalo hukuliuliza: hedhi yako ikoje? Ikiwa imekata miezi mitatu au imeanza kurukaruka tangu uongeze kilomita, huli vya kutosha kwa kazi unayofanya. Hapo utumbo, mifupa, kinga na misuli vyote vitalalamika, na hakuna bakteria wa kuziba pengo la chakula.

Ukifika kliniki omba kipimo cha damu kamili, akiba ya chuma, na kinyesi, kikiwemo cha bakteria wa vidonda vya tumbo. Usikubali kila tumbo linalovuruga liitwe taifodi kwa kipimo cha Widal peke yake. Utapewa antibayotiki ambazo hukuzihitaji, na hizo ndizo zinazowafagia bakteria wako wazuri kuliko mbio yoyote.

Na mtindi asubuhi ya mashindano? Hapana. Una mafuta na protini zinazokaa tumboni muda mrefu, na siku hiyo damu haitakuwepo ya kuusaga. Unywe jana yake mchana ukiwa umeuzoea, kisha bilauri nyingine ukishavuka mstari, umekaa kivulini na umeshakunywa maji.